Mpelekee Mama Karanga Hizi

Nilipomwarifu mama yangu kwamba kazi ya kahawa ingenipeleka Uganda kwa siku kumi, Jinja kwanza na kisha Mbale, hakujibu. Aliendelea kumenya ndizi zake. Kwetu ni kaskazini ya mto Kagera, upande wa pili wa daraja la Kyaka, na mama ni miongoni mwa waliokimbia makwao mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia sehemu ile. Waliporudi hawakukuta ng'ombe hata mmoja. Ndizi zilipokwisha kumenywa alisema neno moja tu: “Huko ujipikie mwenyewe.”

Basi nikaondoka na onyo hilo, nikavuka Mutukula, nikapita Masaka na Kampala, na jioni nikaingia Jinja kwa lile daraja jipya la kamba za chuma lililofunguliwa mwaka 2018. Kabla yake magari yalikuwa yakipita juu ya bwawa la umeme la mwaka 1954. Nile hapo ndiyo kwanza inaliaga ziwa, maji mapana yenye haraka. Mwenzangu wa kazi, binti wa Kisoga, hakutaka hata kusikia habari ya hoteli. Alinipeleka moja kwa moja nyumbani kwa mama yake.

Nilipiga magoti, nikasema, “Shikamoo, mama.” Bibi yule alinitazama, akaitikia kwa kichwa, kisha akaingia jikoni. Nilidhani nimekosea adabu. Mwenzangu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake anakielewa Kiswahili vizuri sana, ila hakisemi. Katika miaka ile ya Amin, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari waliogonga milango usiku, na mmoja wa kaka zake alichukuliwa asirudi. Serikali ya Uganda iliamua mwaka 2022 kukifanya Kiswahili lugha rasmi na somo la lazima shuleni, na wajukuu wake wanakiimba darasani. Bali yeye hukisikia kwa masikio ya zamani.

Chakula kikaja. Kwetu ndizi huzikatakata tukazipika pamoja na maharage katika sufuria moja. Huko humenywa zikafungwa katika majani ya mgomba, zikaiva kwa mvuke polepole, kisha zikapondwa zingali ndani ya majani hata zikawa laini kama ugali wa manjano. Palikuwa na viazi vitamu, ambavyo kwa Wasoga ni chakula hasa, wala si cha kutafunia chai. Kitoweo kilikuwa samaki mkavu katika mchuzi mzito wa karanga. Nilikumbuka maneno ya mama yangu, na nakiri kwamba mkono ulisita. Bibi aliuona mkono ule.

Sikuweza kunyamaza. Nilimwomba mwenzangu amfasirie kwamba askari waliochukua ng'ombe wetu walitoa amri zao kwa Kiswahili hicho hicho, na kwamba mama yangu alinionya nisile Uganda. Bibi alisikiliza, na nilitambua kwamba hakuwa akimngoja mfasiri. Akauliza jambo moja kwa Kisoga: ng'ombe walikuwa wangapi? Nikasema kumi na wanne. Akashika upawa, akanijazia sahani upya. Nilikula hata nikashindwa kuinuka.

Mbale ilikuwa kazi tupu. Mji umelala chini ya majabali ya Wanale, na kahawa ya Wagisu ni arabika, nasi Kagera tunalima robusta zaidi. Yetu huanikwa na maganda yake; yao humenywa ingali mbichi, ikachachushwa, ikaoshwa, ndipo ikaanikwa. Mchana nilishinda nikitia mkono katika matangi ya kahawa, na jioni nikitia mkono katika vyungu vya watu.

Hapo nilionja malewa, yaani machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon. Kina mama wenzangu mtapenda kujua yapikwavyo. Machipukizi hukaushwa kwa moshi hata yakawa ya rangi ya ngozi iliyokaangwa. Yakitakiwa, huoshwa, yakachemshwa muda mrefu na kukatwa vipande vidogo, kisha hutiwa karanga zilizosagwa na chumvi, yakachemka tena kwa moto mdogo. Ladha yake ni ya moshi na ya uyoga kwa pamoja. Mara ya kwanza nilidhani ni nyama. Mwenyeji wangu alicheka sana, akasema kwamba mgeni asiyeonja malewa hajafika Mbale, amepita tu. Mimi kwa upande wangu nayapenda kuliko ule mchuzi wa samaki, ingawa jambo hili sikulisema nilipopitia Jinja nikirudi.

Bibi alikuwa barazani akipeta karanga kwa ungo. Nilipiga magoti, na safari hii nilijitahidi kumwamkia kwa Kisoga: “Kodheyo, mama.” Matamshi yangu yaliwachekesha wajukuu. Hatukukaa sana, kwa kuwa basi lilikuwa linaningoja. Alijaza karanga katika kifuko, akakifunga kwa ukambaa wa mgomba, akaniwekea mkononi na kuubana mkono wangu.

“Mpelekee mama karanga hizi,” alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka. “Mwambie azisage mwenyewe.”

Mama alikiweka kifuko juu ya kabati siku tatu bila kukigusa. Siku ya nne nilipotoka shambani nilisikia kinu.