Mlima ni Uleule

Mama alifika getini saa nane na nusu mchana, na muda wa wazazi kuonana na watoto ulikuwa unaisha saa kumi kamili. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa sita mwaka 1986, mimi nikiwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni mjini Sumbawanga. Alikuwa ametoka Kaoze tangu Ijumaa alfajiri.

Kwa asiyelijua bonde letu, Kaoze iko chini, upande wa Ziwa Rukwa, na Sumbawanga iko juu ya uwanda wa Ufipa. Katikati umesimama ukuta wa milima tunaouita Lyamba lya Mfipa. Ziwa liko kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari, mji uko mita 1,700 na zaidi. Unaondoka kwenye mashamba ya mpunga na joto la kulala mlango wazi, unapanda, unapanda tena, halafu unatokea kwenye mahindi, maharage na upepo unaokata masikio. Mwezi wa sita Sumbawanga ni baridi kweli. Mama alikuja na kanga mbili.

Ijumaa ile alitembea na mzigo kichwani hadi Ilemba, akalala kwa mwenyeji wake. Jumamosi alingoja lori la mpunga hadi jioni. Lilipoanza kupanda kwenda Kalambanzite, utingo alikuwa akishuka kila kona na gogo lake mkononi, anakimbia nyuma ya gari, analikita chini ya tairi ili lori lisirudi kinyumenyume wakati dereva anabadilisha gia. Abiria walitakiwa kushuka na kupanda kwa miguu. Usiku ukawakuta juu, wakalala kwenye magunia. Haya yote niliyajua miaka mingi baadaye, kwa dada yangu. Yeye mwenyewe siku ile alisema tu kwamba gari lilichelewa.

Tulikaa chini ya mkaratusi nyuma ya bwalo. Hakuuliza habari za masomo. Shule yake ilikuwa kisomo cha watu wazima, na mambo ya kidato cha pili aliwaachia walimu. Aliniangalia ninavyotembea, akaniambia, "Vua kiatu." Kisha akachomoa pini kwenye pindo la kanga, akaushika mguu wangu wa kushoto, akauweka juu ya goti lake na kuanza kunitoa funza kwenye kidole gumba. Alifanya taratibu, akizungusha pini pembeni mwa kucha ili atoe mfuko mzima bila kuupasua. Shimo lililobaki alilipaka mafuta ya taa aliyoomba jikoni. Sehemu kubwa ya muda wetu iliishia hapo. Mimi nilikuwa nikitazama uwanjani, maana bweni letu lilikuwa na mechi, na kengele ya saa kumi ilipogongwa nilishukuru. Nilimuaga, nikachukua mfuko wa mchele na samaki wakavu, nikakimbia.

Jumanne mlinzi aliniita, akanipa sweta la kahawia lililotiwa kiraka kwenye kiwiko, la kafa ulaya. Mama alikuwa ameliacha getini asubuhi. Lori la kurudi bonde lilikosekana siku mbili, akakaa mjini akilisubiri, akauza sehemu ya mchele wake sokoni na kununua lile sweta. Hakuomba niitwe, kwa sababu haikuwa siku ya wazazi.

Baadaye nikawa mwalimu, nikapangwa shule ya bondeni kwetu, na safari zikawa zangu. Kila mwisho wa mwezi tulipanda mlima kufuata mshahara. Anayepokea pesa kwenye simu leo hajui jinsi tulivyopishana zamu ili shule isibaki bila mwalimu, na jinsi sehemu ya mshahara ilivyoishia kwenye nauli na gesti kabla haijafika nyumbani. Halafu vikao. Mwaka mmoja, wakati wa masika, tuliitwa walimu wakuu wa kata zote kwenda kwenye ofisi moja mjini. Nilitumia siku tatu kwenda, nikiwa nimebeba viatu mkononi kila penye tope. Kikao kilichukua dakika ishirini. Tulisomewa barua, tukapewa fomu ya ukurasa mmoja, tukaambiwa tuirudishe ndani ya wiki mbili. Maana yake kupanda tena.

Nilikasirika, na mpaka leo naona nilikuwa na haki. Barua ile ingeweza kuletwa na dereva wa lori. Mwalimu mkuu kukosekana darasani siku tano kwa ajili ya kusomewa barua ni hasara ya watoto, na watoto wa bonde wamelipa hasara hiyo miaka mingi bila mtu kuihesabu. Nilisema hivyo kila nilipopata nafasi. Nilikuwa nikisema: siku simu zitakapofika, siku lami itakapofika, tutapumua.

Zikafika. Simu zilianza kushika kwa kubahatisha. Kijijini kulikuwa na kichuguu kimoja ambacho ukipanda na kugeukia mlimani unapata mtandao, na jioni watu walikaa foleni hapo. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008. Mwaka huohuo Tanzania na Marekani zikatia saini mkataba wa fedha za Changamoto za Milenia, ambao ndani yake ilikuwamo barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita zaidi ya 220, ile iliyotufanya tushinde ndani ya basi kutwa nzima na kushuka Mbeya tukiwa wekundu kwa vumbi. Sasa ni mwendo wa saa chache. Mwaka 2019 halmashauri zilizokuwa na makao nje ya maeneo yake ziliamriwa kuhamia kwa wananchi wao, na ya Sumbawanga vijijini ikaenda Laela. Nalisifu jambo hilo, ingawa kwa mtu wa Kaoze Laela nayo iko juu na mlima ni uleule. Upande wa pili, Daraja la Momba likaunganisha Kilyamatundu na Kamsamba ya Songwe, na mtu wa bonde akapata njia ya kwenda Mbeya bila kupanda Lyamba kabisa.

Wakati huo mimi nilishahamia Mbeya. Vikao vya kazi vikaingia kwenye simu: ujumbe unatumwa asubuhi, watu arobaini wanaandika "nimeona", kazi imekwisha. Hilo lilikuwa jema, na sitaki mtu anielewe vibaya. Kosa nililofanya ni jingine. Nilipozifuta safari za fomu na barua, nilizifuta na zile nyingine humohumo. Harusi ya mtoto wa dada nilituma mchango. Mjomba alipolazwa nilituma pesa ya dawa, nikapiga simu mara tatu, nikajiona nimefanya zaidi ya wengi. Mama nilimpigia kila Jumapili baada ya misa. Aliniuliza kama nimekula, nami nikamuuliza kama pesa imefika. Mazungumzo yetu yalikuwa ya dakika tatu, nne. Alipoanza kutosikia vizuri, mjukuu alikuwa akimwekea simu sikioni na kumrudia maneno yangu kwa sauti, naye ananijibu kupitia kwa yule mtoto. Nikawa naongea na mtoto.

Kichwani mwangu Kaoze ilibaki mbali kwa kipimo kilekile cha mwaka 1986. Nilikuwa nikijiambia: kwenda bonde ni wiki nzima, ngoja likizo, ngoja kiangazi, ngoja nistaafu. Nilistaafu kwa hiari, nikaanza kungoja mambo mengine.

Habari ya mama ilikuja kwa simu usiku wa Alhamisi. Niliondoka alfajiri na gari la kukodi: Mlowo, kisha barabara ya vumbi hadi Kamsamba, darajani, Kilyamatundu, Kipeta. Nilifika Kaoze mchana, suruali haijakunjamana. Mazishi yalikuwa Jumamosi, na kaburini hatukukaa hata nusu saa, maana jua lilikuwa kali na watu wengi walikuwa wametoka mbali. Mzee mmoja alikuwa njiani tangu usiku, sehemu kwa bodaboda na sehemu kwa miguu, akiegemea fimbo. Alitupa udongo wake, akanishika mkono, akasema, "Pole, mwanangu. Mimi nimemzika, naomba njia." Hakungoja chakula. Nilimuuliza dada ni nani kwetu, akaniambia ni mtu wa Ilemba. Nyumbani kwake ndiko mama alikokuwa akilala kila alipokwenda kupanda lori.

Kwenye sanduku la mama tulikuta kanga, kadi ya kliniki, na simu tatu ndogo nilizomtumia kwa nyakati tofauti, mbili zikiwa bado kwenye maboksi yake.

Jumatatu niliondoka baada ya chai. Pale Kilyamatundu nilimwomba dereva asimame darajani, nikatazama nyuma Lyamba lya Mfipa, ilivyokuwa ya buluu, haina wingu. Dereva aliuliza kama nimesahau kitu, turudi. Nikamwambia twende. Saa kumi na moja jioni nilikuwa Mbeya nyumbani, na jua lilikuwa halijazama.