Joto la Usiku na Moyo wa Mama



Wiki hii tunataka kusema kwa sauti jambo ambalo huwa tunanong'onezana tu, tukiwa tumebaki wachache kuosha sahani baada ya mkutano. Ni habari ya siku za mwezi kukatika. Wengi wetu katika chama tumeshavuka miaka 45, wengine wamepita 55, kwa hiyo tunasema tunayoyajua mwilini.

Huwa hivi. Umekaa Mulongwe mbele ya beseni la ndagala, upepo wa ziwa unapuliza, wenzako wamejifunika vitenge, na wewe jasho linakutiririka kutoka shingoni. Uso unawaka. Moyo unadunda kama umepanda mlima na mzigo kichwani. Baada ya dakika chache joto linapita, unabaki na baridi. Usiku linarudi, shuka linalowa, usingizi unakatika saa nane, na saa kumi na moja ni lazima uamke kwenda kupokea samaki.

Kila mtu ana jina lake la jambo hili. Mmoja husema ni malaria, dawa inamezwa bila damu kupimwa. Mwingine husema ni karuho, mama anapelekwa kunyweshwa mizizi ili atapike. Mzee wa nyumbani, akiona mke amehamia kulala chini kwenye mkeka kwa sababu ya joto, anafikiri amechokwa. Mama mwenyewe ananyamaza, kwa maana bibi zetu walitufundisha kwamba mambo ya mwezi hayasemwi mbele za watu.

Kunyamaza huko kuna gharama. Tumemzika mwenzetu mmoja aliyekuwa na miaka 52. Miezi mingi alisema hapati usingizi, jasho linamlowesha, moyo unamwenda mbio. Tulimwambia ni umri, itapita. Asubuhi moja alianguka akiwa anaosha samaki, mdomo umepinda upande mmoja, mkono hauinuki. Mwaka mzima kabla ya siku ile mkono wake haukuwa umefungwa mashine ya tansiyo hata mara moja.

Basi tumeuliza waganga na wauguzi, na tunawaletea tuliyoelewa. Mama anahesabiwa kuwa ameshakoma hedhi akimaliza miezi 12 bila kuona damu. Kwa wengi huja kati ya miaka 45 na 55. Wakati huo homoni inayoitwa estrojeni inapungua. Homoni hiyo haikuwa ya uzazi tu: ilisaidia mishipa ya damu ibaki laini na kupanuka vizuri. Ikipungua, mishipa inaanza kukakamaa, mafuta mabaya yanaongezeka katika damu, unene unahama kutoka makalioni na kukusanyika tumboni, na tansiyo inapanda. Ndiyo maana mwaka 2020 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko kwamba kipindi hiki ni wakati wa kuuangalia moyo wa mwanamke kwa makini.

Na lile joto? Kuna utafiti mkubwa ulioanza Marekani katika miaka ya 1990, uliofuata wanawake zaidi ya 3,000 kwa miaka mingi. Waliokuwa wanapata joto mara kwa mara, au lililowaendelea miaka mingi, walionekana kuugua zaidi moyo na kiharusi kuliko wenzao. Katika utafiti huohuo, wanawake weusi walikaa na joto hilo muda mrefu kuliko wengine, kwa wengi wao miaka 10 na zaidi. Hii haina maana kwamba kila jasho ni ugonjwa wa moyo. Lina maana kwamba mwili unabisha hodi, na mwenye nyumba afungue aangalie.

Wako wamama wanaopaswa kuangalia mapema zaidi. Ni aliyekoma hedhi kabla ya miaka 45, aliyetolewa mifuko ya mayai kwa upasuaji, aliyepandwa na tansiyo akiwa na mimba au akapata kifafa cha mimba, na mwenye kisukari. Mama, kama ulivimba uso na mikono katika mimba yako ya tatu wakakuambia tansiyo iko juu, mwambie muuguzi hata kama mtoto yule sasa ana ndevu.

Ukipata homa na jasho, omba kwanza upimwe malaria. Jasho la usiku likija pamoja na kikohozi na kukonda, omba upimwe kifua kikuu. Moyo ukidunda sana, uliza pia juu ya upungufu wa damu. Na kila mara omba tansiyo. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbili tofauti, hiyo ni tansiyo ya juu, nayo ina dawa. Dawa hiyo haiachwi siku unapojisikia vizuri.

Jikoni tunaweza kuanza leo. Chumvi ya siku nzima kwa mtu mmoja isizidi kijiko kimoja cha chai, na humo hesabu kibe cha mchuzi na makayabu. Mawese tuyapunguze katika sombe, tusiyafanye yaelee juu. Ndagala ni chakula kizuri, lakini waliokaushwa na chumvi waloweshwe kwanza. Kutembea kwa miguu mpaka Kalundu kunafaa moyo kuliko kupanda moto kila siku.

Dalili hizi hazingoji asubuhi: kifua kubanwa, maumivu yanayokwenda mgongoni au tayani, pumzi kukatika, mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kukwama. Mpelekeni hospitali saa ileile.

Wazee wetu, nanyi someni. Mke anayefungua dirisha usiku hajawachukia. Mpeni maji, na kesho msindikizeni akapimwe.

Chama kimekubali kwamba fedha za faini za kuchelewa zinunue mashine ya tansiyo. Kuanzia mkutano ujao, kila mama atakayefika atakaa kimya dakika 5, mkono juu ya meza, atapimwa, na namba itaandikwa katika daftari lake. Njoni na madaftari, na kila mmoja amlete jirani mmoja.