Sauti Mbili Zilizonyamazishana

Leo nitawaeleza habari ya kosa langu mwenyewe. Kosa hilo lilinifundisha jambo ambalo nalikuwa nimelisoma vitabuni tangu ujana, wala sikulielewa vema.

Hapa Kasomeno mimi huwafundisha watoto nyimbo. Kabla ya kuanza kuimba hutumia diapazoni. Ni kipande cha chuma chenye mkono mmoja na meno mawili, mfano wa uma wa mezani. Ukiigonga kidogo gotini, meno yake hutetemeka mara 440 katika sekunde moja, nayo hutoa sauti ile ile siku zote, yaani noti ya la.

Siku moja, baada ya mazoezi, mtoto mmoja wa mwaka wa nne aliomba kuishika. Akaigonga, akaiweka karibu na sikio, akaizungusha polepole kwa vidole vyake. Ghafula akasema: "Frere, sauti inakufa, halafu inarudi!"

Wenzake wakacheka. Nami nilikuwa nimechoka, nikamkemea: "Usiniletee uongo. Chuma kikilia, kinalia." Nikamnyang'anya diapazoni. Akaenda kukaa nyuma, akiinamisha kichwa.

Usiku ule moyo wangu haukutulia. Nikaichukua diapazoni, nikaigonga, nikaizungusha kama alivyofanya yule mtoto. Lo! Sauti ilikuwa kubwa, ikafifia hata nikakaribia kutosikia kitu, kisha ikarudi. Katika mzunguko mmoja ilififia mara nne. Mtoto alikuwa amesema kweli. Mimi ndiye niliyekosa.

Kesho yake niliwapeleka watoto wote kwenye dimbwi la maji ya mvua nyuma ya shule. Nikamwita yule mtoto, nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Kisha nikampa vijiti viwili, nikamwambia avichovye majini pamoja, juu na chini, juu na chini, kwa mwendo mmoja.

Tukatazama. Kila kijiti kilitoa mawimbi ya duara, na kila wimbi lina mgongo na bonde. Mahali mgongo ulipokutana na mgongo, maji yaliinuka zaidi. Mahali mgongo ulipokutana na bonde, maji yalitulia, kana kwamba hakuna mtu aliyeyagusa. Tukaona njia za maji matulivu zikipita katikati ya mawimbi.

Je, mawimbi yale yaliuana? Hapana. Watoto wa wavuvi wa mto Luapula wanajua jambo hili. Mawimbi ya mitumbwi miwili yakikutana, hupitana, na kila moja huendelea na safari yake. Yanasaidiana au kuzuiana pale tu yanapokutana. Na nguvu haipotei: ikipungua mahali pamoja, huongezeka mahali pengine.

Basi sauti nayo ni wimbi, lakini ni wimbi la hewa. Meno ya diapazoni yakiachana, husonga hewa iliyo nje yake kwa pande mbili. Wakati ule ule hewa iliyo kati ya meno hupata nafasi, hulegea, na ulegevu huo huenea kwa pande mbili nyingine. Katika pembe nne zilizo kati ya pande hizo, wimbi la kusonga hukutana na wimbi la kulegea. Hapo moja hunyamazisha jingine, na sikio halisikii karibu kitu.

Yule mtoto akauliza: "Frere, tukizuia wimbi moja, sauti itarudi?" Nikakunja karatasi kama bomba. Yeye akatafuta pembe ya kimya, nami nikafunika jino moja pasipo kuligusa. Sauti ikarudi! Tulizuia sauti, nayo ikaongezeka. Watoto wakapiga makofi, na safari hii hakuna aliyemcheka.

Alikuwako daktari Mwingereza, jina lake Thomas Young, aliyezaliwa mwaka 1773. Tangu mwaka 1801 alifundisha kwamba nuru nayo huenda kwa mawimbi, na kwamba nuru mbili zikikutana zaweza kuleta giza. Wengi hawakumsadiki, kwa sababu Newton, mtaalamu mkubwa, alikuwa amefundisha kwamba nuru ni chembe ndogo ndogo. Wako waliomdhihaki hata kwa maandishi. Lakini Mfaransa mmoja, Augustin Fresnel, alipima na kufanya hesabu, akaonyesha kwamba maneno ya mawimbi ni ya kweli. Mwaka 1819 Chuo cha Sayansi cha Paris kilimpa tuzo kwa kazi hiyo. Ninyi wenyewe mwaweza kuona nuru ikikutana na nuru: tazameni rangi za povu la sabuni. Nuru inayorudi kutoka uso wa nje wa ngozi ya povu hukutana na ile inayorudi kutoka uso wa ndani. Rangi nyingine huzidi, nyingine hufifia.

Tangu siku ile, mtoto akiniambia jambo la ajabu, sianzi kwa kusema, "Uongo." Namwambia, "Nionyeshe."

Nanyi, mvua ikiisha kunyesha, chukueni vijiti viwili mwende dimbwini. Tafuteni mahali maji yanapotulia. Mwenzenu akiwaambia hakuna, msimcheke. Mpeni vijiti.