Kutoka Karatasi ya Oda Hadi Namba ya Foleni

Mtu aliyetaka Corvette mwaka 1953 hakuulizwa anapenda rangi gani. Magari yote 300 ya mwaka ule, yaliyoundwa kwa mkono mjini Flint, Michigan, yalitoka meupe, viti vyekundu, turubai jeusi, na chini ya bonneti injini ya silinda sita yenye nguvu za farasi 150. Giaboksi ilikuwa ya otomatiki, ya gia mbili tu. Bei ilianzia dola 3,498, na hata aliyekuwa nazo mfukoni hakuwa na uhakika wa kulipata, kwa kuwa mengi ya yale ya kwanza yalitengewa watu mashuhuri na wakubwa wa makampuni. Mwaka uliofuata kazi ikahamia St. Louis. Yakaundwa 3,640, na mwaka ulipokwisha karibu theluthi yake yalikuwa bado hayana wenyewe. Mwaka 1955 yakaundwa 700, na General Motors ikawa inafikiria kuliacha kabisa gari hilo.

Lililoliokoa ni injini ya V8, pamoja na ukaidi wa mhandisi mmoja, Zora Arkus-Duntov, mzaliwa wa Brussels mwenye wazazi wa Kirusi. Alilikuta gari hilo kwenye maonyesho ya New York mwezi Januari 1953, akaliona zuri kwa sura na dhaifu kwa mwendo, akaomba kazi ili alirekebishe. Yeye na wenzake ndio waliofanya karatasi ya oda ya Corvette iwe tofauti na ya gari jingine lolote la Chevrolet. Kufikia 1957 mteja angeweza kuagiza injini ya kupuliziwa mafuta yenye nguvu za farasi 283, breki nzito na saspensheni ngumu za mashindano, vyote kwa wakala wa mtaani kwake, kwa kutia alama kwenye karatasi.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliijua karatasi hiyo akiwa kijana aliyetoka Mombasa kwenda kusoma Western Kentucky University, mjini Bowling Green, mwishoni mwa miaka ya 1980. Hakuuchagua mji huo kwa sababu ya magari. Hata hivyo, kiwanda cha Corvette kilikuwa kimehamia hapo tangu 1981, na mwanafunzi aliyetafuta kazi ya jioni ilikuwa vigumu kulikwepa gari hilo. Kazi aliyoipata ni ya kuosha magari na kupanga mafaili kwa wakala mmoja wa eneo lile. Ndani ya kabati la chuma mlikuwa na nakala za oda za zamani, na mwenye funguo alikuwa muuzaji mzee aliyeanza kazi enzi za Duntov.

Mzee yule alizisoma oda kwa namna ambayo mhandisi husoma michoro. Kila kifaa cha ziada kilikuwa na msimbo wake wa herufi na tarakimu, na kwa kuipitia karatasi moja alikwambia mwenye gari alikuwa mtu wa namna gani. Aliyeagiza dirisha la umeme na redio ya masafa mawili alitaka kuonekana mjini. Aliyeacha redio, akaagiza ekseli ya uwiano mkubwa na tangi la mafuta la galoni 36, huyo alikuwa na miadi Sebring au Daytona.

Msimbo alioupenda kuliko yote ni L88, wa mwaka 1967. Kwa dola 947.90 mteja alipewa injini ambayo kiwanda kiliiandikia nguvu za farasi 430, tena kwa makusudi, kwa sababu ukweli wake ulipita 500. Duntov hakutaka injini hiyo iangukie mikononi mwa kijana wa kwenda nayo shuleni. Kwa hiyo, aliyetia alama L88 alinyimwa redio na hita, na ndani ya gari ilibandikwa onyo kwamba petroli iwe ya okteni 103 au zaidi. Karatasi yenyewe iliwachuja wateja. Mwaka ule waliopita kwenye chujio hilo walikuwa 20. Januari 2014 mojawapo ya magari hayo iliuzwa mnadani Scottsdale, Arizona, kwa dola milioni 3.85. Lakini mzee yule aliposimulia habari za L88, hakuna aliyeyawazia kama akiba ya benki. Alisimulia habari za watu waliojua wanachokitaka.

Jambo jingine alilomfundisha mwanafunzi wake ni kwamba nakala ya oda ilisafiri na gari. Kiwandani St. Louis walizoea kuibandika karatasi ya maagizo juu ya tangi la mafuta. Hadi leo anayenunua Corvette ya 1969 kwa bei kubwa huwalipa mafundi walishushe tangi, wamulike kwa tochi, waone kama misimbo iliyoandikwa inalingana na injini iliyomo. Cheti cha kuzaliwa kimegandishwa mwilini, wala hakuna mnadi awezaye kukibishia.

Kisha mwanafunzi yule akashuhudia kwa macho yake karatasi ikianza kupoteza heshima.

Ilikuwa mwaka 1990, ulipokuja msimbo ZR1. Injini yake ilisanifiwa na Lotus ya Uingereza, ikaundwa na Mercury Marine huko Stillwater, Oklahoma, ikawa na nguvu za farasi 375. Msimbo huo peke yake uliongeza dola 27,016 juu ya gari la dola 31,979. Magazeti yalikuwa yamekwisha kulisifu kabla halijafika, na mawakala wakagundua kwamba mtu mwenye hamu hahoji nyongeza. Bei ya kiwanda, ambayo sheria ya 1958 inataka ibandikwe kwenye kioo cha kila gari jipya, ikazungukwa na karatasi ya pili yenye bei ya wakala. Watu walilipa maelfu juu ya bei, wengine wakalifungia gari bila kuliendesha wakitumaini litawatajirisha. Halikuwatajirisha. Hamu ikapoa, na ZR-1 ilipokomeshwa mwaka 1995 yalikuwa yameundwa 6,939. Mengi kati ya yale yaliyofungiwa yalikuja kuuzwa kwa hasara.

Muuzaji mzee aliumia. Wateja wapya hawakumuuliza injini ya vali 32 inapumua vipi. Walimuuliza litakuwa na thamani gani baada ya miaka mitano.

Baada ya shule mwandishi alihamia Louisville, akafanya kazi ya uhandisi wa mitambo, akalea watoto. Corvette za kizazi cha tano na cha sita zilikuja, nzuri sana, na mtu aliweza kuingia kwa wakala akakuta kadhaa zimepangwa uwanjani na muuzaji yuko tayari kupunguza bei. Zilikuwa enzi za raha kwa mnunuzi, na hazina hadithi ndefu.

Hadithi ilirudi usiku wa tarehe 18 Julai 2019, huko Tustin, California, Chevrolet ilipoonyesha kizazi cha nane. Injini ilikuwa imehamishwa nyuma ya dereva. Duntov alikuwa ameupigania mpangilio huo tangu gari lake la majaribio la 1960, akafariki mwaka 1996 bila kuuona ukiuzwa. Giaboksi ya mkono haikuwepo tena. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 59,995, nafuu kupita kiasi kwa gari la aina hiyo, na unafuu huo ndio uliozaa msongamano. Mgomo wa wafanyakazi ukaahirisha kazi hadi Februari 2020. Mwezi uliofuata korona ikakifunga kiwanda. Mwezi Desemba 2021 kimbunga kikapiga Bowling Green, kikaezua sehemu ya paa, na zaidi ya magari 100 mapya yakaharibiwa yasiuzwe.

Katikati ya misukosuko hiyo mwandishi aliamua kuagiza Corvette ya aina ya Z06. Hilo lilitangazwa Oktoba 2021: injini ya lita 5.5 isiyo na tabo, nguvu za farasi 670, yenye kuzunguka hadi mara 8,600 kwa dakika. Alijiandaa kama alivyofundishwa. Alijua anataka breki za chuma za kawaida badala ya zile za kauri za kifurushi cha Z07, kwa kuwa barabara za Kentucky si uwanja wa mashindano. Alijua anataka matairi ya kawaida yanayovumilia mvua. Alikuwa na sababu ya kila msimbo.

Hakuna aliyemuuliza. Wakala wa kwanza alitaka kujua jambo moja tu: yuko tayari kulipa kiasi gani juu ya bei ya kiwanda? Wa pili alimwandika kwenye orodha bila kumwonyesha orodha. Hapo ndipo mtu hugundua jinsi biashara hii ilivyojengwa. Katika majimbo mengi ya Marekani sheria haimruhusu mtengenezaji mwenye mawakala kumuuzia mteja moja kwa moja. Kiwanda humgawia wakala nafasi kulingana na idadi aliyokwisha kuuza. Aliyeuza mengi hupata mengi, na wa kijijini anayeuza mawili kwa mwaka anaweza kukosa kabisa. Kwa hiyo, oda ni ya wakala. Mteja ana arbuni yake, na ahadi.

Kwa mtazamo wa mwandishi, hilo ndilo badiliko kubwa kuliko hata kuhama kwa injini. Zamani mnunuzi wa gari la kasi alithaminiwa kwa anachokijua kuhusu mashine. Leo anathaminiwa kwa namba yake kwenye foleni, na maarifa anayoyatafuta ni ya foleni hiyo.

Maarifa yenyewe yana misimbo yake. Oda ikiwa 1100 imeingizwa tu kwenye mfumo, na inaweza kulala hapo miezi. Ikifika 2000 General Motors imeipokea. Ikifika 3000 imekubaliwa kuundwa, na hapo mteja hupewa wiki ya matarajio. Ikifika 3800 gari limeundwa. 4200 ni safari, 5000 ni kufika, 6000 ni kukabidhiwa. Kifaa kimoja kilichoadimika, pengine magurudumu ya kaboni yanayopunguza uzito kwa kilo 18 na zaidi, huweza kuizuia oda nzima wakati nyingine zikipita. Watu wazima wenye kazi zao huamka na kumwandikia muuzaji: imesogea?

Hata hivyo, uwazi huo una faida ambayo muuzaji mzee hangeibisha. Wateja wa 1967 walingoja gizani. Sasa mteja huomba namba ya oda, akafuatilia hatua kwa hatua, na wakala mdanganyifu hana pa kujificha. Kwa njia hiyo mwandishi alimpata muuzaji mwanamke, jimbo la jirani, aliyeweka orodha yake wazi kwa kila aliye ndani yake, akauza kwa bei ya kiwanda. Kungoja kulikuwa kurefu. Kulistahili.

Wakati huo huo mpwa wake alipiga simu kutoka Mombasa.

“Shikamoo, mjomba. Nasikia wachukua ile Corvette. Ukichoka nayo, utaitia Kilindini?”

“Marahaba. Hii usukani wake kushoto, mwanangu. Huko haitasajiliwa.”

“Na za kulia hazipo?”

Zipo. Kizazi hiki cha nane ndicho cha kwanza katika historia ya Corvette kuundwa kiwandani na usukani wa kulia, kwa ajili ya Uingereza, Japani na Australia. Kwa mara ya kwanza, Corvette iliyozaliwa Kentucky ingeweza kuendeshwa Nyali bila kukatwakatwa dashibodi. Mpwa alinyamaza, akaanza kupiga hesabu za ushuru.

Mwaka 2022 General Motors ilijaribu kuwabana walanguzi wa Z06. Mteja atakayekaa na gari lake miezi 12 aliahidiwa pointi 500,000, zenye thamani ya dola 5,000, na anayeliuza mapema alitishiwa kwamba sehemu ya dhamana ya gari haitahamia kwa mnunuzi wa pili. Hatua hiyo ilikuwa ya haki, japo ilichelewa. Dawa yenyewe ililetwa na kiwanda kuongeza kasi: magari ya mwaka wa modeli 2023 yalifika zaidi ya 53,000, karibu sawa na rekodi ya 1979, na nyongeza za mawakala zikaanza kushuka.

Gari la mwandishi alilikabidhiwa kwenye Makumbusho ya Taifa ya Corvette, yaliyoko jirani na kiwanda. Huduma hiyo nayo ni msimbo kwenye oda, R8C, na ndio pekee aliouagiza kwa ajili ya moyo. Duntov mwenyewe amehifadhiwa ndani ya jengo hilo, majivu yake.

Bowling Green ya leo ina familia nyingi zilizotoka Kongo, na siku hizi mwandishi akipita mjini husikia Kiswahili dukani. Kijana mmoja kati yao, dereva wa malori, alimtafuta hivi karibuni. Anataka ZR1, lile lililotangazwa Julai 2024 lenye nguvu za farasi 1,064, na amepewa nafasi kwenye orodha ya wakala.

“Mzee, wanataka arbuni leo. Niwape?”

Mwandishi alimuuliza maswali ya foleni kwanza. Yeye ni wa ngapi? Wakala huyo alipata Z06 ngapi mwaka jana? Arbuni inarudi akibadili nia, na imeandikwa? Bei ni ya kiwanda, na hilo nalo limeandikwa? Kijana alikuwa na majibu mawili tu kati ya hayo. Kisha akamuuliza ambalo halijaulizwa na yeyote pale dukani: gari hilo atalipeleka wapi, barabarani au uwanjani, na je, amewahi kuendesha kitu chenye hata nusu ya nguvu hizo kwenye mvua? Wakakaa mezani mpaka usiku, wakipitia misimbo mmoja baada ya mwingine, kuanzia matairi.