Viatu vya Damu ya Mzee

Wapo watu wanaodhani kwamba mazungumzo ya viatu ni mazungumzo ya wasichana wasio na kazi. Ukiwaambia unatafuta kiatu kizuri ambacho pia hakiumizi, watakucheka. Chagua moja, watasema: ama uulambe uumie, ama ustarehe uonekane umetoka shamba. Mimi, ndugu msomaji, sikubaliani nao hata kidogo, na sababu zangu zinatoka huku kwetu, kati ya Masasi na Newala, ambako mguu una kazi kubwa kuliko mguu wa mtu wa lami.

Hebu tuitazame ardhi yenyewe. Masasi iko chini, katikati ya milima ya mawe iliyosimama mmoja mmoja kama wazee wasiosalimiana. Vijia vyake ni vya changarawe, na changarawe inakula soli. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, penye upepo na baridi. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote chini yako, na ng'ambo unaiona Msumbiji. Kule juu ardhi ni mchanga. Mchanga na kiatu cha mchuchumio hawajawahi kuelewana: kisigino kinazama, mvaaji anabaki ananing'inia kama kuku aliyefungwa mguu mmoja. Na mchana wa kiangazi mchanga ule ule unaunguza kama chungu.

Halafu kuna habari ya maji. Uwanda wetu ni mkavu, na kwa miaka mingi wanawake wa juu walishuka mabondeni kuchota, kisha wakapanda na mzigo kichwani. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi mkubwa wa maji wa Makonde, lakini bomba halikufika kila kijiji, na lilipofika halikutoka kila siku. Bibi yangu mzaa mama ni mmoja wa walioshuka na kupanda. Alishuka peku, akapanda peku, mpaka nyayo zake zikawa ngumu kuliko soli za viatu ninavyonunua mimi.

Mguu wake wa kushoto hauna vidole viwili, cha mwisho na anayekifuatia. Funza ndio waliovila alipokuwa mtoto. Msomaji asidhani hiyo ni hadithi ya Bibi peke yake. Funza si mwenyeji wa Afrika. Alitoka Marekani ya Kusini kwa meli, akashukia Angola mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amekwisha livuka bara na kufika kwetu. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, alipita Masasi na kukaa Newala akichunguza maisha ya watu, na katika kitabu chake aliandika habari za funza na za miguu iliyoharibiwa nao. Kwa hiyo wazee wetu walipovaa kiatu hawakuwa wanaiga Wazungu tu. Kiatu kilikuwa ukuta.

Lakini kiatu chenyewe kilitoka wapi? Kwanza yalikuwepo makatambuga ya tairi, ambayo hayafi ila mwenyewe ufe. Baadaye zikaja ndala, na zikaja yeboyebo za plastiki, zinazochemsha mguu jua likiwaka na kuteleza mvua ikinyesha. Miaka ya 1970 kilijengwa kiwanda cha viatu Morogoro kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikusudiwe kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na kuuza nyingi yake Ulaya. Hakikufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Badala ya sisi kuwavisha Wazungu, Wazungu wakatuvisha sisi. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980 marobota ya mitumba yakaanza kumiminika, nasi tukajifunza kuinama.

Na wanaoyatembeza wanaitwa wamachinga, jina ambalo wengi husema limetokana na vijana wa Machinga kule Lindi, majirani zetu kabisa, waliokwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, wanapanda mpaka Newala na Tandahimba kuifuata pesa ya mnada. Utamwona kijana amebeba viatu vya ngozi kifuani na mabegani, kimoja amekisimamisha juu ya kichwa, kinang'aa. Mtazame miguuni: ndala, tena kamba moja imeshikwa na msumari. Anajua kwamba kiatu cha kuuza ni kimoja na kiatu cha kutembelea ni kingine.

Desemba 2022 mjomba wangu mdogo alikuwa anaoa, na harusi ilipangwa Masasi. Bibi akanipigia simu mwenyewe.

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto, kwa utani wa babu. "Mimi ndiye mama wa bwana harusi. Sitaki ndala. Sitaki yeboyebo. Nataka kiatu."

"Kiatu gani, Bibi?"

"Cha kung'aa. Watu wakiniona wajue nimezaa."

Laiti ingekuwa hivyo tu, ningetafuta kinachong'aa nikamaliza. Lakini mwaka ule ule Bibi alikuwa ameambiwa ana kisukari. Nilimpeleka mwenyewe kliniki. Daktari alimwambia afumbe macho, kisha akawa anamgusa nyayo kwa kiuzi chembamba cha plastiki. "Ukisikia nimekugusa, sema ndiyo." Bibi alinyamaza. Daktari akagusa kidole gumba, akagusa chini ya kidole gumba, akagusa kisigino. Bibi akauliza, "Mbona huanzi?"

Nilitazama ukutani.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nasi watu wa viatu tuna methali yetu isiyoandikwa, kwamba kinachokubana unakijua wewe uliyekivaa. Ndiyo maana dukani tunaambiwa vaa, tembea kidogo, unajisikiaje? Basi fikiri mtu ambaye mguu wake haumpi taarifa. Kiatu kinambana naye anacheka. Jiwe limeingia, anatembea nalo kutoka sokoni mpaka nyumbani. Lengelenge linapasuka, linakuwa kidonda, na kidonda cha mguu wa kisukari hakina haraka ya kupona. Wengine hukatwa mguu kwa jambo lililoanza na kiatu. Daktari alisema Bibi asitembee peku, hata ndani ya nyumba, na avae kiatu kilichofunika vidole. Akashauri raba.

"Raba?" Bibi akasema tulipotoka nje. "Nikacheze mpira?"

Msiseme ni kiburi cha mzee. Mwanamke yule alizika mume, akalea watoto sita kwa korosho na mihogo, na siku moja katika maisha yake atakaa mbele watu wamtazame. Kumwambia avae raba chini ya kitenge kipya ni kumwambia kwamba yeye sasa ni mgonjwa tu. Nami sikutaka akose mguu, wala sikutaka akose siku yake.

Nikachukua daftari la shule, nikamsimamisha Bibi juu ya karatasi, mguu mmoja mmoja, nikachora kwa penseli. Zamani kijijini mtu akienda mjini ulimpa kijiti ulichokikata sawa na urefu wa unyayo wako. Kijiti ni kizuri lakini kinajua urefu tu, hakijui upana. Nilichora jioni kwa makusudi, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kilichokukaa vizuri saa mbili asubuhi kinaweza kukunyonga saa kumi. Miguu yake haikulingana, na hakuna ajabu, ya watu wengi hailingani. Kiatu hununuliwa kwa mguu mkubwa. Nikazikata zile karatasi kwa mkasi, nikazitia mkobani.

Sokoni Masasi nilizunguka Jumamosi tatu. Wauzaji walinizoea. Ninachukua kiatu, ninaingiza karatasi ndani: ikijikunja pembeni, kiatu kimekataa. Viatu vya kike vilivyotamaniwa na kila mtu vilikataa vyote. Sijui nani aliwaambia mafundi wa Ulaya kwamba mguu wa mwanamke umechongoka kama penseli. Kisigino kikiinuka, uzito wote unasukumwa mbele, vidole vinabanwa kwenye ile ncha, na baada ya miaka kinundu kinaota pembeni ya kidole gumba. Msichana mwenye hisia zake atavua na kuvibeba mkononi. Bibi yangu angecheza ngoma navyo mpaka alfajiri.

Jumamosi ya tatu kijana mmoja akanihurumia. "Dada angu, wewe unatafuta vya mama mkubwa. Vile huwa chini kabisa, wasichana hawavitaki." Akapindua lundo. Chini kulikuwa na viatu vya vikongwe wa Ulaya: vipana mbele, visigino vifupi, ngozi laini kama sikio la mbuzi, na mkanda wa kufunga juu. Nikawaza kwamba huko mbali naye yupo bibi mwenye vinundu na kisukari, na mjukuu aliyemhangaikia. Nikaingiza karatasi. Ikalala.

"Bei?"

"Kumi na tano. Gredi ya kwanza hiyo, haijakanyaga vumbi."

"Nane. Si umesema hawavitaki?"

"Dada, umenishika pabaya. Toa kumi."

Kasoro ilikuwa rangi. Vilikuwa kijivu cha maji ya kuoshea vyombo. Nikavipeleka kwa fundi viatu, mzee anayeshonea chini ya mwembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete tuone."

Hakuuliza bei wala nchi kilikotoka. Alishika ncha kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine, akakikunja. "Kiatu kipinde pale mguu unapopinda, kwenye vidole," akasema. "Kikipinda katikati, kitupe, hicho ni karatasi." Kikapinda kwenye vidole. Akaingiza mkono ndani, akapapasa kila mshono taratibu, akaupata mmoja uliotokeza, akaugonga kwa nyundo ukalala. Nilipomweleza habari za ganzi na vidole viwili, alinyamaza, kisha akakata kipande cha sponji, akakifunika kwa ngozi ya kondoo, akakigandisha ndani ya kiatu cha kushoto pale vidole vilipopaswa kuwa, ili mguu usitelezeteleze.

"Rangi gani?"

"Damu ya mzee," nikasema, maana kitenge cha harusi kilikuwa na rangi hiyo. Akapaka mara tatu, akabadilisha vifungo akaweka vya njano vya kung'aa, akapiga brashi mpaka mwembe ukaonekana ndani yake.

Bibi alivishika kwa mikono miwili. Akavigeuza, akanusa ngozi. "Damu ya mzee kwa mzee," akasema, akacheka mpaka akashika mbavu. Alitaka kuvivaa kutwa nzima. Nilimkubalia nusu saa, kisha nikamvua na kumtazama kila mahali, nikimpapasa kwa kiganja kutafuta panapowaka joto. Kesho yake saa nzima. Kesho kutwa saa mbili. Mimi ndiye niliyekuwa mguu wake.

Siku ya harusi aliingia ukumbini taratibu, kitenge amekiinua kidogo kuliko ilivyo lazima. Dada zake wawili walitazama chini kabla hawajamtazama usoni. Mmoja akamwuliza, "Havikubani hivyo?" Bibi akanyoosha kidole upande wangu. "Mwulize huyo," akasema, "yeye ndiye anayejua." Akacheza nyimbo nne. Baada ya kila wimbo nilimketisha, nikavua, nikatazama. Hapakuwa na kitu.

Ningetamani kuishia hapo, lakini mambo hayakuishia hapo. Mwezi wa Februari nilipopanda Newala nilimkuta Bibi uani anapeta mahindi, peku. Viatu viko juu ya kabati, vimefungwa ndani ya gazeti, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kanga kuukuu. "Vitachakaa," akasema. Kumbe kiatu kizuri kina hatari yake nacho: kikipendwa mno hakivaliwi. Tulibishana siku mbili. Nilimwambia vya harusi vipo sokoni vingine, lakini mguu haupo sokoni. Akajibu kwamba maneno hayo niwafundishe wanafunzi wangu.

Tangu hapo kila mwisho wa mwezi nikifika kwake sivitazami juu. Juu vinang'aa siku zote, anavisugua. Navigeuza nikatazama chini, kwa kuwa soli haijui kusema uongo. Machi soli zilikuwa kama zilivyotoka kwa fundi. Aprili vivyo hivyo. Mei nikakuta mchanga mwekundu kwenye mshono, na kisigino cha kushoto kimeanza kulika upande wa nje. Bibi alikuwa jikoni akijifanya hanioni. Nikavirudisha mahali pake nikaenda kumsaidia kukuna nazi.