Kilifi, Kumsaka Bakteria Sugu

Matatu ilivuka daraja la Nyali, ikapita Mtwapa, kisha mashamba ya mkonge ya Vipingo yakatanda kandokando ya barabara. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda Kilifi, na kilichonipeleka si ufuo. Nilitaka kuona bakteria sugu anavyosakwa hospitalini.

Nilishuka mjini nikaenda hadi Hospitali ya Kaunti. Hapo ziko maabara za KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, ambazo tangu 1998 huotesha damu ya karibu kila mtoto anayelazwa ili kuona kama ina bakteria. Kumbukumbu ndefu namna hiyo ni adimu katika hospitali zetu.

Mtaalamu wa maabara alinisogezea kisahani chenye bakteria walioota usiku kucha. Juu yake zilipangwa karatasi ndogo za mviringo, kila moja na dawa yake. Penye dawa inayofaa, duara tupu limeizunguka karatasi. Kwenye karatasi ya antibiotiki ya seftriaksoni hapakuwa na duara. Utando wa bakteria ulifika hadi ukingoni mwake.

“Huyu ni Klebsiella,” akasema. “Mtoto ukimdunga dawa hii, ni kama umemdunga maji.”

Klebsiella anaweza kuishi tumboni mwa mtu mzima asimdhuru. Akiingia katika damu ya kichanga, anaweza kumuua. Wadini huhamia kwa mikono, vifaa na sinki.

Kisahani husema dawa ipi imeshindwa, lakini hakisemi bakteria ametoka kwa nani. Hapo ndipo jenomu, yaani vinasaba vyote vya bakteria, husomwa: wagonjwa wawili wakikutwa na bakteria wanaokaribia kufanana kabisa, huenda wameambukizana wadini au wamewapata mahali pamoja. Kwa mfano, mwaka 2011, katika hospitali ya NIH, taasisi za afya za taifa, huko Bethesda, Marekani, Klebsiella sugu aliwafikia wagonjwa 18. Kumi na mmoja walifariki, sita kati yao kwa sababu ya maambukizi hayo. Jenomu zilionyesha kuwa chanzo ni mgonjwa mmoja, na kwamba wengine walibeba bakteria huyo bila dalili yoyote.

Nilirudi Mombasa nikiwafikiria madaktari wanaotibu kwa kukisia kwa sababu hospitali zao hazioteshi damu. Mwaka 2019 usugu wa bakteria ulisababisha vifo takriban milioni 1.27 duniani. Serikali za kaunti zijenge maabara na zihakikishe maji na sabuni havikosekani wadini. Nasi tuache kununua antibiotiki dukani bila cheti cha daktari.