Mpaka umehama!

Jana usiku tulikuwa tunatandika mpaka wa kata ya Tandale juu ya picha ya setelaiti kwa Python. Lo! Poligoni yote imesogea kaskazini karibu mita 300, nyumba za kusini ziko nje. Kumbe faili limechorwa kwa Arc 1960, vipimo vya kizamani vya Afrika Mashariki. Picha ni WGS 84. Tukaandika set_crs(21037) halafu to_crs(32737), ukarudi mahali pake.

Si mchezo jamani. Tangu 2015 vijana wa Ramani Huria walizunguka vichochoro hivi wakichora ramani za mafuriko, na jirani yetu Manzese iko wilaya ya Ubungo, siyo tena Kinondoni.

Mama mwenye nyumba nikamwonyesha paa lake. "Sasa mwanangu, maji yakija naandikwa wapi?"

Tandale, mama.

Haya, kesho mtihani.